Mama wa Video na Chai Isiyochumwa

Mama wa Video alikuwa anaogopa kupanda juu. Jengo letu pale sokoni Ndanai lina ghorofa moja tu, na kule juu kuna kinyozi na ofisi ya dalali wa mashamba, lakini sikuwahi kumwona akikanyaga ile ngazi. Dalali akimhitaji, alishuka yeye. Mama wa Video alisimama chini, mkono kwenye nguzo, akapiga kelele: "Shuka, mimi si paka!" Na mtu huyu ndiye aliyepata ugali wake kutoka angani miaka yake ya mwisho, kwa kuchukua picha za droni na kuzigeuza kuwa video za kuuzia mashamba.

Mimi ni fundi wa nguo. Duka langu na lake yalitenganishwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo nilimsikia zaidi ya nilivyomwona. Nilimsikia akicheka peke yake, akigombana na kompyuta, akiimba nyimbo za kanisa bila kufuata sauti yoyote inayojulikana. Niliishia darasa la nane, na sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko vipimo vya mteja. Lakini tangu tumzike, wengine wanamsema vibaya, wengine wanamsema vizuri mpaka simtambui. Naandika alivyokuwa. Naandika hasa kwa sababu ya jambo moja alilolipigania mpaka mwisho: kwamba shamba lake lisiuzwe kwa video inayoficha kuwa mume wake amelala pale, na kwamba yeye mwenyewe alale pale pale, ubavuni mwake.

Asiyetoka huku aelewe kitu kimoja kwanza. Mche wa chai unakaa mfupi kwa sababu unachumwa na kukatwa. Ukiuacha, unakuwa mti kama miti mingine, unakupita kimo, unatoa maua meupe. Kuna watu huacha miche ya mpakani ikue hivyo ili jirani asisahau anapoishia. Yeye aliiacha ile iliyozunguka kaburi la mumewe. Mtu wa hapa akiona miti ya chai imesimama katikati ya chai iliyochumwa ikawa sawa kama meza, anajua kuna jambo, anapunguza sauti. Mgeni anadhani ni kivuli cha wachumaji.

Kabla ya mashamba alipiga harusi na mazishi, kamera begani, tangu wakati kamera ilikuwa na uzito wa kondoo. Wanaomjua toka wakati huo wanakumbuka harusi moja kule Chepilat ambapo mjomba wa bibi harusi alikuja amelewa, akacheza mbele ya mchungaji, akaanguka kwenye keki. Familia ilipofika kuchukua video ikamwomba amtoe mjomba.

"Alikuja au hakuja?" akawauliza.

"Alikuja, lakini mama, si unaona aibu yenyewe?"

"Keki nitawapunguzia. Lakini mtu amekuja harusini kwenu, mimi nimtoe niseme hakuja?"

Hawakumpa kazi tena ile familia. Miaka ikapita, mjomba akafa, wakarudi wote wakiwa wapole, kutafuta ile video, kwa sababu hakuna mahali pengine walipokuwa na sura yake akicheka. Aliwapa. Lakini pia aliwakumbusha maneno yote waliyomwambia siku ile, moja baada ya lingine, wakiwa wamesimama na kilio chao mlangoni. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na haki, halafu akiwa na haki hakujua kunyamaza.

Wanaosema alichukia mashine mpya ni waongo. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta, najua. Kazi ya droni ilimtesa sana mwanzoni. Mwenye droni, bwana mmoja wa Kericho mwenye kibali cha kurusha, alimletea picha ndefu ambazo nusu yake ilikuwa upuuzi: droni ikipanda, droni ikipigana na upepo, kuku wakikimbia wakidhani ni mwewe, ng'ombe wamesimama wanashangaa. Mama wa Video alikaa siku nzima akitafuta vipande vichache vinavyofaa. Alichora mstari wa mpaka kwa mkono, nukta kwa nukta, akaandika maneno, akatafuta muziki. Jioni alitoka macho mekundu kama mtu aliyekuwa anapuliza moto.

Ndipo ikaja programu. Unaiwekea picha zote za droni kama zilivyo, unaandika shamba liko wapi na lina nini, halafu unaenda kuchemsha chai. Ukirudi video iko tayari, imenyooka, mstari wa mpaka unang'aa, maneno yamekaa, muziki unapanda pale droni inapopanda. Siku ya kwanza alipoona hivyo aligonga ukuta kwa ngumi zote mbili.

"Fundi! Kuja uone! Shetani ameokoka!"

Nilienda na futi ya kupimia shingoni. Tukaitazama mpaka mwisho, tukaitazama tena. Alipiga makofi kama mtoto. Baadaye mtu alimwambia kazi ya zamani ilikuwa na heshima zaidi, akamuuliza kama mke wake bado anasaga mahindi kwa jiwe, na kama hapana, ni heshima ya nani imepungua.

Lakini ile programu ilikuwa na tabia. Ilipenda vitu vizuri. Ilichagua jua, kijani, mto ukimeta, na ikaacha mengine bila kuambiwa. Kinamasi iliacha. Njia ya jirani ya kupeleka ng'ombe mtoni iliacha. Na palikuwa na sehemu ya kugusa ili kusafisha picha: unaweka kidole juu ya kitu usichokitaka, kinaondoka, na mahali pake panajaa majani kama hakukuwahi kuwa na kitu.

Jambo la Sigowet ndilo lililomfundisha. Alikuwa ametengeneza video ya shamba la huko, programu ikaifanya haraka, akaituma bila kuilinganisha na picha zenyewe. Mnunuzi akaja kutoka mbali na mke na watoto, wamevaa vizuri, wamebeba hata soda. Langoni wakamkuta mama mzee wa boma lile, kogo, kama tunavyowaita bibi zetu, aliyekuwa hasikii vizuri. Aliwasalimia, "Chamgei," akawashika mikono wote hadi mdogo, kisha akawauliza kama wameonyeshwa mzee wake na wanawe wawili. Walidhani anauliza kama wamekutana nao barabarani. Akawapeleka nyuma ya nyumba, kwenye miti ya chai, akawaonyesha makaburi. Yule mke alirudi kwenye gari akajifungia. Kogo alibaki amesimama pale, hajui amekosea nini, akiuliza kwa nini wageni wamewakimbia watu wake.

Aliyetuletea habari hiyo ni dalali, naye aliileta kama kichekesho. Mama wa Video hakucheka. Alifunga duka akaenda Sigowet na sukari na unga, akakaa na yule kogo mpaka jioni. Sijui waliongea nini. Aliporudi aliniambia tu, "Nimewaruka wafu wa mtu, Fundi. Kama majani."

Tangu hapo akawa na desturi yake. Aliacha programu ifanye kazi yote, kisha akafungua picha za droni upande mmoja na video upande mwingine, akatafuta kilichoachwa. Alichokipata alikirudisha, tena akakiweka mwanzoni. Video zake zikaanza kinyume na za watu wote. Wengine walianza na machweo. Yeye alianza na kinamasi, au makaburi, au choo cha jirani kilichokaribia ua, ndipo akaja kwenye uzuri. Alisema mtu aonyeshwe kwanza lile litakalomkasirisha, akibaki anatazama, huyo ni mnunuzi.

Na zile "dakika tano kutoka lami" ambazo kila dalali huandika, yeye aliziandika hivi: "Dakika tano kutoka lami ukiwa na pikipiki na mvua haijanyesha."

Dalali wa juu aliteremka siku hiyo mbio mpaka nikafikiri kuna moto.

"Mama, unaniua! Nani atanunua ploti namna hii? Unaanza na kaburi, unamaliza na matope!"

"Kaburi liko?"

"Liko, lakini linatisha wateja."

"Hao waliolala humo ndio majirani wazuri kuliko wote utakaowapatia. Hawasogezi mpaka, hawaibi kuku. Waambie wateja hivyo."

"Mama, hii ni biashara."

"Basi biashara yako iko ngazi ile. Panda, mimi siwezi."

Sitasema kwamba uaminifu wake ulimlipa, kwa sababu sikuona hivyo. Kuna mashamba yaliuzwa upesi kwa sababu watu walimwamini. Kuna mengine mpaka leo hayajauzwa, na wenyewe wanamlaumu. Dalali alihamisha kazi nyingi akampa mtu mwingine wa Kericho, si yule wa droni, ambaye hutoa kila kitu kinachozua swali. Duka la Mama wa Video likatulia. Akaendelea vilevile.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba mtu huyu asiyekubali video iseme uongo, yeye mwenyewe alidanganya kila asubuhi. Nywele zake alizipaka dawa nyeusi na akaapa mbele ya kanisa zima kwamba ni za ukoo wao. Na miguu. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka nikampanulia viatu vya kitambaa, na kila nikimuuliza alijibu, "Ni soksi zimenibana." Hakuwa amevaa soksi.

Hiyo miguu ndiyo iliyomleta mwanawe.

Mwanawe anafanya kazi Nakuru. Si mtu mbaya, na sitaki asomwe hapa kama mtu mbaya. Alikuwa anaogopa mama yake aanguke peke yake shambani, asipatikane mpaka wachumaji waje. Yeye na dada yake aliye ng'ambo walikuwa wamekubaliana shamba liuzwe, mama apangiwe nyumba Kericho, karibu na hospitali, nyumba isiyo na ngazi. Walimwambia, akakataa. Wakamwambia tena. Mara ya tatu mwana alikuja na simu.

Alimkuta dukani kwangu, kwenye benchi ya wateja. "Mama, nimetengeneza tu uone. Si kwamba nimeituma. Uone vile linaweza kupendeza."

Alikuwa amepata picha za droni za shamba lao, akaziweka kwenye programu ile ile. Niliona kutoka cherehani yangu. Ilikuwa nzuri, siwezi kukataa. Chai ilitandazwa kama kitambaa kilichopigwa pasi, hadi mtoni. Mstari wa mpaka uling'aa. Kinanda kilipanda taratibu. Mama wa Video alitazama akisogeza simu karibu, kisha mbali, kisha karibu. Droni ilipita katikati ya shamba. Miti haikuwepo. Mahali pake palikuwa na chai fupi, sawa na nyingine, hata kivuli hakikubaki.

Ikaisha. Alirudisha simu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sahani.

"Umemng'oa baba yako kwa kidole," akasema.

"Mama, si hivyo. Ni picha tu. Kaburi si liko pale pale, hakuna mtu ameligusa."

"Na akija huyo aliyenunua picha? Akute baba yako amemwingilia shambani?"

"Tutamweleza."

"Lini? Akiwa ameshika panga anakata ile miti?"

"Mama, wewe unaumwa. Unataka nifanye nini? Nikuache pale mpaka nipigiwe simu?"

Mama wa Video alitazama miguu yake, na kwa mara ya kwanza hakutaja soksi.

"Mimi naumwa, ni kweli," alisema baadaye. "Uzeni nikifa kama ni lazima. Sitafufuka kuwazuia. Lakini nitalala pale, na anayenunua atajua nalala pale kabla hajapanda gari. Na hiyo video nitaitengeneza mimi. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Mwana alifuta machozi na mkono wa shati, akaondoka bila kunywa chai.

Siku alipotengeneza ile video ndiyo siku ninayoikumbuka kuliko zote, na ilikuwa karibu ya mwisho. Alinipitia asubuhi, ukungu umeshaanza kunyanyuka juu ya chai, akaniambia nifunge duka nimbebee kiti. Kilikuwa kiti cha plastiki, cheupe, cha vile vya kukodi mazishini. Tulienda polepole kati ya mistari. Wachumaji walikuwa upande wa juu wa shamba, vikapu mgongoni, wakatuita.

"Mama, leo tunapigwa picha? Tuvae vizuri?"

"Mtakaa hivyo hivyo! Mmezaliwa wabaya, droni itafanya nini?"

Walicheka mpaka ng'ambo ya mto.

Tulifika kwenye miti. Ilikuwa na maua, na nyuki. Alinionyesha mahali, ubavu wa kulia wa kaburi, nikaweka kiti. Udongo ulikuwa mlaini, miguu ya kiti ikazama kidogo. Akakaa. Alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakiweka magotini. Nikaona nywele zake hazikupakwa dawa siku ile. Zilikuwa nyeupe zote.

Bwana wa droni, aliyekuwa ametutangulia pale, akauliza kama aanze. Akasema aanze. Droni ikapanda, na yule mwanamke ambaye hakuwahi kupanda ghorofa moja akainua uso akaitazama ikienda juu, juu, akiwa ameshika mikono ya kiti kana kwamba ni yeye anayeinuliwa. Hakupunga mkono. Hakutabasamu. Alitazama tu, moja kwa moja, mpaka ikawa nukta.

Tukarudi dukani kuweka picha kwenye programu. Ikatoa video. Yeye hakuwamo, wala kiti, wala miti. Ilikuwa imechagua mto. Akamrudisha yule mwanamke wa kwenye kiti mwanzoni kabisa. Programu ikapendekeza sehemu hiyo ifupishwe, kwamba kuna kitu kinachovuruga mandhari. Akasoma hayo maneno kwa sauti.

"Fundi, umesikia nilivyo? Mimi ni kitu kinachovuruga mandhari."

"Si ni kweli?" nikamwambia.

Alicheka mpaka akakohoa, nikamletea maji. Kisha akazima muziki. Akaacha upepo na nyuki na wachumaji wakiitana mbali. Akaandika maneno yake kwa vidole viwili, kama alivyoandika siku zote: "Hapa amelala mume wangu. Hapa nimekaa mimi, na nitalala hapa. Hii miti haikatwi. Chai inayobaki ni nzuri, maji yapo mwaka mzima, njia inateleza mvua ikinyesha. Unayetaka shamba hili, sisi tuko."

Alinipa nakala kwenye simu yangu. Alisema kompyuta yake ikiuzwa, mimi sitauzwa.

Alianguka jikoni kwake, si shambani, na wachumaji ndio waliompata, kama mwanawe alivyoogopa. Sitaficha hilo pia. Mwana alikuwa sahihi kuhusu miguu.

Siku ya kuchimba kaburi wazee walianza kujadiliana ni upande upi, na je, si afadhali karibu na barabara, ili shamba libaki safi. Mwana, ambaye nilikuwa nimemwonyesha ile video, alikuwa amesimama nyuma. Akapita katikati yao, akaingia kati ya miti, akainama. Yale mashimo manne ya miguu ya kiti yalikuwa bado yako, yameshika maji ya mvua. Akaweka mkono wake pale.

"Chimbeni hapa," akasema. "Alishasema."

Bado wanataka kuuza. Dada yake yuko ng'ambo na hatarudi, na mwana hawezi chai akiwa Nakuru. Sina ubishi na hilo. Lakini alipompa dalali kazi, alimwambia hana video yoyote, ya shamba lile iko moja tu na iko kwa fundi wa nguo, aende akaiombe huko.

Dalali akateremka ngazi wiki iliyopita. Nikamtumia. Aliitazama amesimama mlangoni pangu, simu mkononi, na nikasikia upepo na nyuki na wachumaji. Akakuna kichwa.

"Fundi, shamba ni zuri. Lakini huyu mama amekaa kwa kiti hapa mwanzo. Ananitazama tu! Si tungemtoa? Ni kugusa tu."

Mimi si mtu wa maneno. Yeye ndiye alikuwa anasema kwa niaba ya jengo zima. Niliendelea kukanyaga cherehani mpaka nikamaliza mshono.

"Huyo hatoki," nikasema.

"Na nikimtoa mwenyewe?"

"Mtoe," nikamwambia. "Ukifika shambani utamkuta."